Matanuri Baridi ya Nchi ya Ubado

Haya, sogeeni niwategee. Mtu alima kutwa, jasho lamtoka, mgongo wamuuma, na ukienda kulitazama shamba lake hukuti hata tuta moja. Ni nani huyo?

Mmoja wenu kasema mvivu. Mvivu hatoki jasho. Mwingine kasema mwizi, lakini mwizi angetuachia walau nyayo. Mmeshindwa, basi nipeni mji. Na leo sitaki miji yenu ile yenye soko na stendi, mliyokwisha kunipa mara mia. Leo nataka nchi nzima, nayo ni Ubado. Ahsanteni, nimeipokea. Nimekwenda, nimekaa, nimetazama, na jibu nawapa: huyo ni mtu anayelima ndotoni. Sasa tulieni niwaeleze nchi hiyo ilivyo, kama alivyoiona msichana aliyetangulia kufika huko, jina lake Nyamizi.

Nyamizi alikuwa binti mkubwa wa mama Milembe, mwoka mikate wa Igwata. Tanuri lao lilikuwa la udongo, nyuma ya nyumba, na kijiji kizima kilikula kutoka humo, wa shamba na wa shule. Lakini mkate unataka mikono ya kukanda, na mikono ya mama Milembe ilikwisha kuingiwa na baridi yabisi, vidole vimejikunja kama vya kuku aliyelala. Nyamizi alijua kuoka, ila mtu mmoja hawezi kukata kuni, kuchota maji, kuuguza, kisha akande unga wa kijiji. Mwenye mikono hasa alikuwa mdogo wake, Kapela. Na Kapela hakuwapo. Miaka mitatu ilikuwa karibu kutimia tangu asikie ikitangazwa kwamba serikali ya Ubado imeazimia kila kijana apate kazi, wa kwao na wa kuja. Aliaga, akaenda, asirudi.

Tanuri lilipofikia kuwashwa mara moja kwa wiki, mama Milembe alimwita bintiye. Alimfungia mfuko wa unga na donge la chachu katika jani la mgomba, akamwambia amfuate Kapela. Hakusema amlete kwa nguvu. Alisema hivi: "Kama kazi ameipata, mwache. Tanuri nitalibomoa, na roho yangu itatulia. Kama hajaipata, aje tusaidiane. Ila nijue moja, mwanangu. Kungoja kunaniuma kuliko vidole."

Njia msiniulize. Ubado haina njia. Mtu huifikia akiwa amechoka kungoja mahali pengine.

Jambo la kwanza Nyamizi aliloliona lilikuwa jua. Lilikaa nyuma ya milima, mwanga wake mweupe wenye wekundu kidogo, kama maziwa yaliyotiwa tone la chai, na ukungu umelala mabondeni. Alidhani ni alfajiri. Akaketi kando ya mawe kusubiri kuche, akasinzia, akaamka, alfajiri ikawa ni ile ile. Akasinzia tena, akaamka tena. Baadaye wenyeji walimweleza, bila kuona ajabu yoyote, kwamba jua la Ubado halijaanza kazi rasmi. Liko mazoezini. Siku wanazihesabu kwa baragumu.

Langoni karani alimtaka aseme yeye ni kijana au mzee. Nyamizi akasema ana miaka ishirini na tisa. Karani akatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyejibiwa jina la mbuzi alipouliza jina la mtu. Akamweleza kwamba huko miaka haihesabiwi. Kijana ni yeyote anayengoja. Akipata alichokuwa akikingoja, siku hiyo ndipo anapokuwa mzee. Sheria hiyo, alisema, imewafaa sana, kwa kuwa vijana wa Ubado hawapungui, na serikali haikosi watu wa kuwasaidia. Akamuuliza yeye anangoja nini. Nyamizi akajibu kwamba hangoji kitu, yeye huoka mikate na watu wakala. Karani akasimama, akampisha, akamwandika mzee.

Alipokelewa na Bi. Ndimbo, Mratibu wa Nafasi za Vijana. Alikuwa mama wa makamo, mpole, sauti yake ya kubembeleza mtoto, na kwapani alibeba jalada kubwa la bluu ambalo kila baada ya hatua chache alilifungua, akalitazama, akatikisa kichwa, akalifunga. Huyo ndiye aliyemwongoza Nyamizi kuteremka bondeni, na njiani akamfafanulia mambo ya nchi.

Zamani, alisema, vijana wa Ubado walikuwa wakishinda vijiweni. Serikali ikahuzunika. Ikatafuta sababu, ikaona kwamba hakuna anayewapa kazi kwa kuwa hawajawahi kufanya kazi. Ikatunga sheria ya kwanza, kwamba kila atakayepewa kazi awe ameifanya kazi hiyo miaka mitatu. Ikaona pia kwamba mtu asiyepewa kazi akiifanya ataharibu vitu vya watu. Ikatunga sheria ya pili, kwamba asiyepewa kazi asiifanye. Sheria zote mbili zilikuwa nzuri, kila moja ilipigiwa makofi siku yake. Zilipokutana tu ndipo ikaonekana hakuna anayeweza kupita katikati.

"Wengine wangefuta moja," alisema Bi. Ndimbo. "Sisi tukawajengea vijana Bonde."

Bonde la Mazoezi lilikuwa refu, ukungu ukielea juu yake kama pazia, na ndani yake vijana wamejipanga safu kwa safu hadi jicho linapokoma. Washonaji walikuwa wameinama juu ya meza, vidole vinapita, mguu unakanyaga, bila kitambaa wala uzi. Wauguzi waliwafunga bendeji wagonjwa ambao hawakuwapo na kuwaambia pole. Mafundi wa saruji walikoroga hewa, wakaimwaga, wakaipiga pima. Hapakuwa na kelele. Palikuwa na mchakacho tu, laini, wa mikono maelfu inayopita hewani, kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili. Nyamizi alihisi kope zinamlemea. Pangekuwa pahali pazuri pa kulala, alifikiri, na wazo hilo likamtia baridi.

Aliuliza kwa nini wasipewe japo kitambaa. Bi. Ndimbo alimtazama kwa huruma. Ukimpa kitambaa, alisema, nguo itatokea, na nguo ikitokea hayo si mazoezi tena, ni kazi, na kazi hajapewa. Lilikuwapo kosa lenyewe, lina jina: kosa la kutokeza.

Katika safu ya waokaji alimwona Kapela. Alikuwa amesimama mbele ya tanuri safi lisilo hata na alama ya moshi, anakanda. Viganja vinasukuma, vinakunja, vinageuza, vinasukuma tena, kwa wepesi ambao Nyamizi hakuwahi kuuona hata kwa mama yao siku za afya yake. Ulikuwa ukandaji wa kutazamwa. Chini ya viganja vyake palikuwa na ubao mtupu.

"Shikamoo, dada," alisema, kama mtu waliyeachana asubuhi, na mikono haikusimama.

"Marahaba, mdogo wangu."

Jirani yake wa safu ya maseremala naye alisalimia. Aliitwa Lubinza, ana mvi kichwa kizima na meno machache, alikuwa akipigilia miguu ya kiti ambacho hakikuwapo. Alimwamkia Nyamizi shikamoo kwa heshima yote, kwa kuwa yeye ni kijana na Nyamizi, mwenye kazi, ni mzee. Nyamizi, kwa mazoea, akamrudishia shikamoo. Lubinza akacheka, akasema mgeni huyu hajazoea kuamkiwa, bila shaka kwao vijana hawana adabu. Alikuja bondeni na ndevu zinaanza kuota, akasimulia, miaka ilikuwa mitatu, ikaongezwa kwa ajili ya ubora, ikaongezwa tena. Viti vyake vyote vimechukuliwa na Baraza Kuu, na hakijarudishwa hata kimoja.

Nyamizi alimweleza Kapela habari za mama, vidole, tanuri, na maneno aliyotumwa. Kapela alisikiliza akikanda. Akasema zimebaki siku tatu. Siku tatu atimize miaka yake, na kila mwezi alikuwa akipewa alama tisini. Mkaguzi hajawahi kuukosoa mkate wake hata mmoja. Angepewa kazi, angekuwa mwoka wa serikali, angemtumia mama dawa.

"Hizo ni siku tatu," alisema Nyamizi. "Mimi nauliza leo. Kazi unayo au huna? Nimwambie mama nini?"

Kapela aligeuza donge lake la hewa, akalipiga ubaoni kwa upole, akalifunika na kitambaa ambacho hakikuwapo. Alikuwa kama mtu aliyeulizwa jina lake, akaona halimjii.

Basi Nyamizi akangoja. Hizo siku tatu alizitoa. Baragumu la kwanza likapita. La pili likapita. Na katika kungoja kule akagutuka kwamba mikono yake mwenyewe imeanza, pole pole, kukanda hewa. Aliikunja, akaitia kwapani. Halafu akapanda kilimani, akaokota kuni kavu, akachota maji kijitoni, akarudi kwenye tanuri la ndugu yake, akafungua unga wa mama.

Hakufanya kwa ukaidi. Alikuwa na njaa, na alitaka kuisikia harufu ya nyumbani kabla ya kusahau yuko wapi.

Moshi ulipotoka walitazama wachache. Harufu ilipotoka, bonde zima lilisimama. Nasema bonde zima. Sindano zilisimama, nyundo zilisimama, wauguzi wakawaacha wagonjwa wao, na ule mchakacho wa mikono ukakatika kwa mara ya kwanza tangu sheria ilipotungwa. Mtu mmoja mbali kwenye ukungu alianza kulia bila kujua analilia nini. Kisha wakaja walinzi, wakauchukua mkate, wakamchukua na Nyamizi.

Baraza Kuu la Ubado lilikuwa ukumbi mpana usio na kiti cha kuonekana. Wajumbe walikuwa wamekaa juu ya viti vya Lubinza, magoti yamekunjwa, makalio hewani, migongo imenyooka. Nyuso zao zilitulia kabisa, ila mapaja yalikuwa yakitetemeka. Mkate uliwekwa sakafuni katikati yao, na mjadala ukaanza.

Mjumbe wa kwanza alisema hapa kosa la kutokeza ni dhahiri, mkate utaifishwe. Wa pili akapinga kwa hoja nzito. Mkate uliookwa na asiyepewa kazi na nchi hii, alisema, kisheria si mkate, na kisichokuwapo hakitaifishwi. Wa tatu akasema ndugu zangu, tuache mkate, tuzungumzie harufu. Harufu imewafikia vijana wa upande wa magharibi na haikuwafikia wa mashariki, na huo ni upendeleo. Ama igawiwe kwa kanda, ama irudishwe ilikotoka. Hapo ukumbi uligawanyika. Wapo waliotaka harufu itolewe kwa awamu. Nyamizi aliulizwa kama ana la kusema. Alisema mkate ukipoa hauna ladha, waheshimiwa. Maneno yake yaliandikwa.

Mwishowe ikaundwa kamati ya watu saba kuuchunguza mkate. Kamati iliuchunguza palepale, kwanza taratibu, halafu kwa haraka. Mjumbe mmoja alipomaliza kuchunguza kipande chake aliomba achunguze na cha jirani. Ilipobaki makombo, mwenyekiti alipangusa midomo, akasoma taarifa kwa sauti ya mtu aliyeguswa kwelikweli. Kamati ilikuwa imegundua kwamba mkate ni jambo kubwa kuliko walivyodhani. Una ganda, una ndani, una joto, una chumvi. Haiwezekani jambo kama hilo kijana akalijua kwa miaka mitatu. Ilikuwa ni kuwadhulumu vijana. Kwa hiyo, kwa faida yao, kuanzia baragumu la leo, mazoezi ya mkate yatakuwa miaka mitano.

Kuna kitendawili kingine hapa, sina budi kukisema: mgeni wangu amesema yuko njiani, kila nikimfungulia mlango nakuta ni mwingine. Huyo ni kesho. Ubado wanampikia kila siku.

Nyamizi aliachiwa, kwa kuwa alishaandikwa mzee na adhabu zote zilikuwa za vijana. Nje ya ukumbi, habari ilikuwa imetangulia. Bonde lilikuwa likipiga makofi. Ubora umeongezwa, na vijana wakapigia makofi ubora. Alimtafuta Kapela kwa macho katikati ya ukungu, akamwona, na Kapela alikuwa akipiga makofi pamoja na wenzake, pole pole, macho yake yametua juu ya tanuri lake ambalo sasa lilikuwa na alama nyeusi ya moshi mdomoni.

Nyamizi alimgeukia Bi. Ndimbo. Hakupaza sauti, alikuwa amelelewa vizuri. Alimuuliza kama mama kwa mama, kazi zenyewe ziko wapi, hizo watakazopewa siku hiyo ikifika. Bi. Ndimbo alifungua jalada lake, na safari hii, kwa kuwa walisimama karibu, Nyamizi aliona ndani. Karatasi zilikuwa nyeupe, zimechakaa kwa kufunguliwa.

"Na mimi niko mazoezini, mwanangu," alisema Bi. Ndimbo. "Mwaka wa kumi na tisa. Nikihitimu ndipo nitaanza kuwatafutia." Kisha akatazama huku na huku, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba harufu ile ilimkumbusha nyumba moja, ila ni nyumba ya nani, ameshindwa kukumbuka. Akalifunga jalada, akaenda zake.

Nyamizi alipofika kwenye safu ya waokaji, mfuko wa unga ulikuwa wazi. Kapela alikuwa ameinama juu ya ubao. Alikuwa amemimina kilichobaki, akatengeneza shimo katikati kama mama alivyowafundisha, akatia maji na chachu, na sasa alishusha viganja vyake vile vilivyosifiwa, kwa mwendo ule ule mzuri wa miaka mitatu. Vikazama. Alipotaka kuvigeuza havikugeuka. Akavivuta kwa hofu, akavitazama, vimevaa unga hadi kifundoni.

"Unashika," alisema.

"Unga hushika, Kapela."

"Ulikuwa ukishika hivi siku zote?"

"Siku zote."

Alirudisha mikono. Hapo hapakuwa na cha kutazamwa tena. Alisukuma vibaya, akamwaga, akanyunyizia maji mengi, akaongeza unga, jasho likamdondoka puani, na Lubinza kutoka upande wake akamwonya kijana mwenzake kwamba anapoteza alama. Kapela hakugeuka. Nyamizi alishika mkono wake mwenyewe usimsaidie, na hilo lilimgharimu kuliko njia nzima ya kuja. Alichofanya ni kuchochea moto.

Mkate uliotoka ulikuwa na sura mbaya. Umeungua chini, umetitia katikati, upande mmoja umevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Hakuna kamati ambayo ingehangaika kuuchunguza. Kapela aliushika kwa pindo la nguo yake, hajui aupeleke wapi, kwa maana katika miaka mitatu mkate wake haukuwahi kuhitaji kupelekwa popote. Mwishowe akaumega, akamwekea Lubinza kipande juu ya benchi, pale ambapo kiti kilipaswa kuwa.

Lubinza aliweka nyundo chini. Alikiangalia kipande hicho. Alikitia mdomoni, akakitafuta kwa meno aliyobakiwa nayo, akatafuna, akafumba macho, na watu wote wa safu ile wakawa wanalitazama taya lake.

"Chini umeungua," alisema mwishowe. "Na katikati mbichi." Akameza. "Upo mwingine?"

Kapela alisimama kama aliyepigwa. Uso wake ulikunjuka taratibu, na Nyamizi akaona ndani yake ule uso mdogo wa zamani, wa siku alipotoa mkate wake wa kwanza na mama akamwambia ukweli. Alama tisini alizokuwa akipewa kila mwezi hazikuwahi kumfanya awe hivyo.

Kilimani walinzi walikuwa wameanza kuteremka, hawana haraka, wakifanya mazoezi ya kukamata. Waokaji wawili watatu walikuwa wamekwisha kuacha mbao zao, wamekuja kusimama karibu na tanuri, mikono wameinyoosha kwenye joto. Mmoja alikuwa akimuuliza Lubinza kuni zinaokotwa wapi. Lubinza, mdomo umejaa, alionyesha kwa nyundo.

Nyamizi alikung'uta mfuko mtupu, akaukunja. Hakumuuliza ndugu yake tena. Aliyeulizwa mara moja amesikia. Aliufunga mfuko kiunoni, akaanza kupanda, na hakugeuka nyuma kwa kuwa aliogopa atakachokiona.

Alipofika kwenye mawe alisikia nyayo nyuma yake, na pumzi ya mtu anayepanda mlima. Kapela alimfikia, akaenda naye sambamba. Hakuwa amenawa. Unga ulikuwa umemkaukia mikononi, unapasuka pasuka kila alipokunja vidole.

"Mama usimwambie neno, dada," alisema. "Nitamwambia mwenyewe."